Nani Mwenzangu?

Vijana wangu, mgongo umestaafu na miguu imestaafu, ila masikio yangu bado yanafanya kazi. Miaka ishirini na sita niliketi katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya mapokezi ya hoteli moja kubwa ya Diani, nikipokea simu. Wageni waliokuja kuota jua hawakuwahi kuuona uso wangu. Mimi niliwajua kwa sauti: huyu anapiga kwao kila jioni, huyu anapiga na hapokelewi, huyu analia kisha anaomba nimuunganishe tena. Hapa Msambweni mpaka leo naitwa Bi Zuhura wa Simu, na mashoga zangu hunitania kwamba hata usingizini nawaambia watu wasubiri kidogo.

Ninayotaka kuwaeleza yalinipata baada ya kustaafu, na yananihusu mimi mwenye masikio hayo ninayojisifia. Mtu alinilaghai kwa simu. Hilo peke yake lingekuwa kichekesho cha mtaa. Lakini baada ya kugundua nilinyamaza saa tatu nzima kwa kuona haya, na saa tatu hizo zilimkosesha matibabu ya macho mtu ninayempenda kama mama yangu. Mtu huyo ni Bi Riziki, na siwezi kuyasimulia ya simu ile bila kumsimulia yeye kwanza.

Bi Riziki ni wa Ramisi. Alinitangulia kazini na kunizidi umri kwa miaka kumi na mitano. Mwembamba, mkali, hutafuna iliki akiwa kazini ili koo lisimkauke. Siku yangu ya kwanza alinipa kiti, akanipa mkonga wa simu, kisha akanipa somo ambalo nililiona dogo mno.

"Simu ikilia, usimtaje mtu," aliniambia. "Wasema: nani mwenzangu? Kisha wanyamaza. Naye akinyamaza, wewe pia nyamaza. Mwache ajitaje mwenyewe."

Nikadhani hilo litanichukua nusu saa kujifunza. Lilinichukua miaka. Ninyi mliolelewa huku mnajua sababu. Sisi kumwambia mtu "sikujui" ni kama kumfungia mlango usoni. Mtu akikuamkia vizuri, kisha akakuuliza kwa masikitiko, "Umenisahau mara hii?", unajiona wewe ndiwe mwenye makosa. Unapekua kichwa haraka haraka, unatafuta sauti inayokaribiana na hiyo, kisha unamtajia jina ili umwondolee huzuni: "Ni Salimu wewe?" Naye, awe Salimu au asiwe, umeshampa jina, umempa ukoo, na umempa na haki ya kukuomba kitu. Wenzetu wa bara pale hotelini walikuwa wakiuliza tu, "Wewe ni nani?", tena kwa sauti kavu. Mimi nilikuwa nikiwaona hawana adabu. Bi Riziki alinieleza kwamba "nani mwenzangu" ni adabu na ni kufuli pia, na kwamba wazee walioliweka neno hilo hawakuwa wajinga.

Wiki yangu ya tatu alipiga mwanamume mwenye sauti ya upole. Akaniuliza, dada, mke wangu amefika salama? Nina wasiwasi naye. Sikumwuliza mke wake ni nani. Siku ile alikuwa ameingia mwanamke mmoja tu asiye na mwenziwe, basi nikamtajia mimi mwenyewe jina lake, nikaongeza na namba ya chumba chake, cha upande wa bustani, mahali patulivu. Nilifurahi kumtuliza mtu. Yule bwana alinishukuru sana.

Magharibi haijaingia akawa yuko mlangoni pa chumba kile, anaupiga mlango mateke. Mke alikuwa amemkimbia, na hoteli ile ndiyo aliyokuwa ameifanya maficho. Walinzi walimtoa yule mwanamume, lakini mwanamke hakuweza tena kulala pale. Walimpitisha jikoni, wakampakia katika gari la kupelekea nguo za kufuliwa. Bi Riziki hakunigombeza. Alinishika mkono akanisimamisha penye ukuta wa jikoni nimwone anavyopita, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Mwangalie," akaniambia. "Hiyo ndiyo namba ya chumba."

Tangu siku ile nikaelewa kwamba jina la mtu, mahali alipolala na siku atakayoondoka si maneno matupu. Yule mwanamume hakunihadaa kwa akili nyingi. Aliacha nafasi wazi katika maneno yake nami nikamjazia. Hata sasa, vijana, asilimia kubwa ya kazi ya matapeli mnaifanya ninyi wenyewe kwa midomo yenu, na mnaifanya kwa sababu mmelelewa vizuri. Siwalaumu, maana mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Kulikuwa na vichekesho pia. Alikuwepo mhudumu mmoja wa mkahawani, kijana wa Vanga, aliyejaliwa kuiga sauti. Akiamua kuwa meneja, alikuwa meneja mpaka kikohozi. Mchana mmoja alipiga chumbani kwetu akaagiza sahani nne za biriani zipelekwe nyumba za wafanyakazi, kwamba kuna wageni wake maalumu. Mimi nilishaanza kuandika. Bi Riziki akanipokonya mkonga, akasema, ndiyo bwana, kata simu, nitakupigia ofisini kwako sasa hivi tuhakikishe idadi. Akapiga ofisini. Meneja mwenyewe akapokea. Hakuwa ameagiza biriani wala chai. Yule kijana alikaripiwa vikali, na sisi tulicheka mpaka machozi, ila nilibakiwa na jambo la kujifunza: anayekupigia anachagua mlango wa kuingilia, na ukikata ukampigia wewe, kwa namba unayoijua tangu zamani, wewe ndiwe unayechagua mlango.

Nililishika somo hilo mpaka likaniponza. Miaka mingi baadaye mwenye hoteli, ambaye alikaa ng'ambo na ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake, alipiga akataka orodha ya wageni wote wa mwisho wa mwaka. Nikamwambia kwa heshima zote, naomba ukate nitakupigia kwa namba iliyo kwenye faili. Akafoka. Akaniuliza kama najua naongea na nani. Nikamjibu kwamba hilo ndilo hasa ninalotaka kulijua. Nilimpigia, akapokea akiwa bado anafoka, nikampa orodha yake. Meneja alitaka kunifukuza kazi na mwenye hoteli akamzuia, akasema afadhali angekuwa na watu kama huyo mapokezi. Sijui kama ilikuwa sifa au tusi kwa watu wa mapokezi.

Na kuna ya karanga. Nje ya lango la hoteli alikuwepo mama mmoja muuza karanga, akizifunga katika vikaratasi vilivyosokotwa. Siku moja nimemaliza karanga zangu, nikafungua karatasi kwa mazoea ya kusoma chochote, nikakuta majina ya wageni wetu, namba za pasipoti zao na tarehe zao za kuzaliwa, zimepigwa chapa vizuri kabisa. Ofisi ilikuwa ikitupa orodha za zamani pipani, na mtu wa takataka alikuwa akimuuzia yule mama kwa kilo. Nilinunua karanga zake zote siku ile. Wenzangu walizila siku tatu, na karatasi tulizichoma moto nyuma ya jiko. Mama wa watu hakuwa na kosa. Yeye aliona karatasi tu.

Ninyi leo mnacheka ya karanga, lakini niambieni: yule anayewatolea nakala za kitambulisho pale Kona ya Musa, zile zilizotoka vibaya huzitupa wapi? Mmeshawahi kuziomba mrudishiwe? Kile kitabu cha mlangoni mnachoandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu, mmeona kwamba ukurasa mzima wa waliowatangulia uko wazi mbele yenu? Na ile orodha ya michango ya arusi tunayoituma kwenye makundi, jina na namba mstari kwa mstari, inapita mikononi mwa wangapi? Mjukuu wa jirani yangu alipopata kitambulisho chake cha kwanza alikipiga picha mbele na nyuma, akakiweka mtandaoni dunia nzima impongeze. Nilimwita nikamwomba akifute. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ni mzee asiyejua furaha.

Kazi yetu ilibadilika chini ya mikono yetu. Nilianza na meza ya waya, unachomoa hapa unachomeka pale. Zikaja za vitufe, ikaja kompyuta, halafu wageni wakaanza kuja na simu zao mifukoni, na chumba chetu kikawa kimya. Bi Riziki alistaafu akarudi Ramisi. Mimi nikafuata miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo siku hizi kila mmoja wenu amebeba mfukoni kazi yote tuliyoifanya sisi wawili, na hakuna aliyewafunza hata siku moja.

Sasa tuje kwa siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne, nimemaliza kupika, nangoja adhuhuri. Simu ikalia, namba ngeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, umenisahau mara hii?"

Mimi. Bi Zuhura wa Simu. Miaka ishirini na sita ya "nani mwenzangu". Lakini sikuwa kazini, nilikuwa nyumbani kwangu na upawa mkononi, na sauti ile ilikuwa ya kijana aliyehuzunika. Neno "mama" huku kwetu halimtambulishi mtu, kila kijana ananiita mama. Nikaona haya. Dada yangu ana mtoto aitwaye Athumani, amekwenda kufanya kazi Uarabuni, hupiga kwa nadra na kila mara kwa namba tofauti. Nikamwambia, "Ni Athumani wewe?"

Akasema, "Naam mama, ni mimi." Nikasikia akipumua kama mtu aliyeutua mzigo.

Mengine yalikuwa mepesi. Alisema amebadilisha simu, ametolewa katika kundi la ukoo kwenye ule mtandao wa ujumbe tunaoutumia sote, na anataka kurudi awasikie watu wa nyumbani. Itakuja namba ya tarakimu sita kwenye simu yangu, nimsomee. Ikaja. Juu yake palikuwa pameandikwa kwamba namba hii asipewe mtu yeyote. Niliyasoma maneno hayo, wallahi niliyasoma, na nikamsomea tarakimu zake sita moja baada ya nyingine, kwa ile sauti yangu safi ya kazini. Akaniombea dua, akakata.

Kidogo nikafungua kundi la ukoo nimkaribishe, nikakuta nimetolewa mimi. Haukupita muda mrefu mpwa wangu mmoja akapiga kwa simu ya kawaida, anauliza kwa hofu nimelazwa hospitali gani. Nikajua yote kwa mara moja. Tarakimu zile zilikuwa ufunguo wa akaunti yangu, na yule mtu alikuwa ameshaingia ndani, anawaandikia watu wangu kwa jina langu na picha yangu kwamba ni mgonjwa na nahitaji kusaidiwa.

Hapa nawaomba msome polepole. Nilikuwa na simu mkononi. Kupiga simu ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya vizuri maishani. Ningeweza kuwapigia watu ishirini kabla ya mwadhini kumaliza. Badala yake nilimwambia mpwa wangu kwamba sijambo, ni hitilafu tu ya mtandao, asiwashughulishe watu. Nilimdanganya ili nisichekwe. Niliwaza jinsi watakavyosema: Bi Zuhura wa Simu, mwenyewe, kwa simu. Nikajipa moyo kwamba nitaitengeneza kimyakimya na hakuna atakayejua.

Nikavaa buibui nikapanda gari mpaka Ukunda, kwa fundi simu mmoja pale Kona ya Musa, mtu mzima kutoka bara, mwenye kijibanda kilichojaa vioo vilivyopasuka. Foleni ilikuwa ndefu nami nikaingoja. Zamu yangu ilipofika nikamwambia kuna dada yangu akaunti yake imechukuliwa. Alinitazama, akaitazama simu mkononi mwangu, akaamua kutoniaibisha.

"Hiyo tutairudisha, mathe," alisema. "Inaweza kuchukua hata siku moja. Lakini huyo dada yako, ameshawaambia watu wake?"

Nikasema bado.

"Basi mwambie awapigie saa hii, kabla mimi sijagusa chochote. Huyo jamaa sasa hivi anachati na wao."

Alinipa kiti chake mwenyewe nikae nipige. Namba ya kwanza niliyoipiga ilikuwa ya Bi Riziki. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho yote mawili, na kwa miezi mingi alikuwa amejiwekea akiba ya upasuaji. Alikuwa ameshapewa siku ya kwenda, Jumatatu iliyofuata, na mimi ndiye niliyekuwa nimsindikize.

Alipokea upesi. "Umeipata?" akaniuliza. "Nimetuma sasa hivi, nilipomaliza kuswali alasiri. Pole mwanangu. Wajionaje?"

Nilimgeukia yule fundi. Fundi alinichukulia simu taratibu, akamweleza Bi Riziki kwa Kiswahili chake cha bara, kisha akanisaidia kupiga kwa kampuni ya simu tujaribu kuzizuia zile pesa za upasuaji. Walitusikiliza vizuri. Zilikuwa zimeshatolewa. Walituambia kwamba tungepiga mapema, zikiwa bado zimo, pangekuwa na la kufanya. Neno hilo "mapema" liliniingia mwilini. Adhuhuri mpaka alasiri. Nilikuwa nimeutumia muda huo kuilinda sifa yangu.

Siku ya pili nikaenda Ramisi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ukali wake, na nadhani niliutaka. Nilimkuta ameketi barazani anachambua mchele kwa vidole, maana kwa macho hakuweza tena. Nilimweleza kila kitu, na zile saa tatu pia, nisimfiche. Alisikiliza mpaka mwisho akiendelea kuchambua. Kisha nikamwuliza nililokuwa nimekuja nalo: yeye aliyenifunza kukata na kupiga upya, aliwezaje kutuma bila kunipigia?

"Nilishuku," alisema. "Nilisema moyoni, haya maandishi tu, hayana sauti. Nikataka kukupigia. Kisha nikawaza, na kama ni yeye kweli, yuko kitandani, nami nimekaa nahakikisha?"

Nililia pale pale mbele ya ungo wake wa mchele. Tangu hapo nimewasikia watu wengi wakisema waliotapeliwa ni wachoyo au ni wajinga. Wako wa namna hiyo, sikatai. Lakini mtu akinisemea hivyo mbele yangu namsimulia mwanamke huyu, aliyejua hatari zote za simu kuliko mtu yeyote niliyemjua, na akaamua kwamba ni afadhali apoteze kuliko aniache mgonjwa peke yangu. Msimcheke aliyeibiwa. Mkimcheka, wa pili atanyamaza kama nilivyonyamaza mimi.

Nami najua atanyamaza, kwa sababu ya haya yafuatayo. Fundi alinirudishia akaunti, akaniwekea na namba ya siri ya pili ambayo lazima uiandike kabla ya akaunti kufunguka kwenye simu nyingine. Kila mmoja wenu aiweke leo, na wazazi wake awawekee, ni kazi ya dakika mbili. Kitu cha kwanza nilichofanya nilipoingia kundi la ukoo ni kuwatumia ujumbe wa sauti, si maandishi. Nikajitaja jina, nikaeleza nilivyomtajia mwizi jina la Athumani kwa ulimi wangu mwenyewe, nilivyomsomea tarakimu, nilivyodanganya, na aliyeumia ni nani. Nikasema yeyote aliyepata ujumbe kwa jina langu anipigie.

Walipiga saba. Wawili walikuwa wametuma kidogo kidogo. Wa mwisho alikuwa binamu yangu Saumu, anayeuza vitambaa Msambweni hapa hapa, nyumba ya nne kutoka kwangu. Hakuwa ametuma kitu. Alikuwa amepigiwa yeye, wiki tatu kabla yangu. Shikamoo mama, umenisahau mara hii? Naye alikuwa amemtajia mwizi jina la mkwewe, akasoma tarakimu zake, akaibiwa. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi wiki tatu zile tulikuwa tukiamkiana, tunaulizana habari, na kila mmoja anajibu ni njema.

Nilikasirika, siwafichi. Nilikaa na hasira mpaka nikakumbuka foleni ya fundi na yule dada niliyemtunga. Nikaenda kwa Saumu, tukanywa chai, tukasimuliana yote mawili mwanzo hadi mwisho, na katikati tukaanza kucheka kwa sababu sote tulimwambia mwizi "Mungu akuweke". Kesho yake tulikwenda pamoja kituo cha polisi kuandikisha. Yule mtu hajapatikana, na sitegemei sana. Lakini tangu siku hiyo, mtu wa ukoo wetu akipigiwa simu ya namna ile, katika muda wa kuchemsha chai kundi zima linajua, na watatu wameshaokoka kwa njia hiyo.

Upasuaji wa Bi Riziki ulisogea mbele miezi mitano. Katika miezi hiyo alianguka mara moja uani, akateguka mkono. Yeye alisema ni kuteleza tu. Mimi najua alianguka kwa sababu hakuiona ndoo, na najua kwa nini hakuiona. Nilikwenda kwake kila wiki kumchotea maji na kumsomea ujumbe wake. Ukoo ulichanga, nami nikauza bangili zangu mbili, tukampeleka Mombasa. Jicho moja kwanza, kisha la pili.

Siku alipofunguliwa jicho la pili nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake. Alitazama dirisha, akanitazama mimi kwa muda mrefu, akasema nimezeeka. Kisha akaomba simu yake. Nilidhani anataka kumpigia binti yake. Kumbe alikuwa akiutafuta ule ujumbe wa mwizi. Hakuwahi kuusoma mwenyewe. Siku ile jirani yake ndiye aliyemwambia tu kwa ufupi kwamba Zuhura yuko hospitali, anataka kusaidiwa. Akaupata. Akausoma polepole, midomo ikitembea, kisha akarudi juu akausoma tena.

"Huyu ameanza moja kwa moja na shida," alisema. "Hapana shikamoo hapa."

Akanipa simu nione. Kweli haikuwepo. Alikuwa amewaandikia watu wote maneno yale yale, wakubwa na wadogo, hakujua nani wa kuamkiwa.

"Ningekuwa naona siku ile," Bi Riziki akasema, "neno la kwanza tu lingeniambia si wewe." Akanyoosha mkono wake, ule ulioteguka, akaufuta ujumbe kwa kidole chake mwenyewe.